Unga

Daktari Vjera alichora kwa kalamu ya wino
nyuma ya orodha ya vyakula vya kantini:
haragwe moja, mkia mrefu, kifuko chini.
"Iko hapa," akatia nukta
pale mkia unapoanza.
Nimewahi kuona fukusi mkubwa kuliko nukta ile.

Figo ya kushoto ilitoka mwaka wa mafuriko,
na mrija wake wote, na kipande cha kibofu,
kama karoti: usiache ncha ardhini.
Nilibaki na moja. Sasa nayo imebishiwa hodi.

"Tukiitoa, Šimun, ugonjwa hauna tena pa kukaa,
ila utakuwa mtu wa mashine,
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
damu nje, damu ndani.
Dawa ya mshipani? Figo iliyochoka hivi haiibebi.
Au tupite mlango wa chini
na kamera nyembamba kama sindano ya kufumia,
tuichome kwa leza, tuoshe kwa dawa.
Bado ni ya upole. Lakini ina tabia ya kurudi:
kila miezi mitatu utavua suruali hapa."

Jagoda aliuliza nauli.
Mimi niliuliza habari za unga.

Maana baba yangu alikuwa msagaji.
Vijiji vitatu vya ukingo wa Sava vilipanga foleni kwake
na magunia ya ngano, na ndani ya ngano
mbegu za gugu lile la maua ya manjano,
ambalo hakuna aliyejisumbua kulichambua.
Tukalaumu visima. Tukalaumu laana.
Nyumba zikafungwa moja moja,
viganja vya akina mama vikawa rangi ya shaba,
naye akaendelea kusaga, akipiga mluzi,
mpaka akakojoa damu
akafa, unga ukiwa kwenye nyusi zake,
bila kujua.

"Ulikuwa mkate," daktari akasema.
Hakuniangalia. Alikuwa anakunja karatasi.

Nikachagua mlango wa chini.
Siku ya pili nilitoka na mrija wa plastiki ndani yangu,
nikienda haja kila nusu saa, nikitukana kwa sauti ya chini.

Usiku huu Jagoda anakanda.
Unga ni wa dukani, mfuko wa karatasi, una muhuri.
Anauchekecha mara mbili,
anainama, anatazama wavu.
Hakuna kitu.
Anauchekecha tena.
Sijamwambia aache.