Ndimu Kavu

Sanduku lilitoka Maskati, limeandikwa Vifaa vya Falaki.
Ndani: dunia ya plastiki, jua la balbu,
na mkono wa chuma uliovunjika njiani.
Mwezi ulikuwa umebingirika chini, umepasuka.

Basi nikawaambia darasa la saba B, hapa Ibra:
kesho kila mmoja na ndimu yake.

Wakaleta za kijani, wakaleta za manjano.
Haitham akaleta aliyoidokoa jikoni kwa mama yake,
ndimu kavu, nyeusi tii, ya kutilia mchuzi wa papa.
Wenzake wakacheka: mwezi gani huo, umeungua?

Tukashusha mapazia. Taa moja, mbele.
Chomeka ndimu kwenye penseli.
Kichwa chako ndicho dunia;
pua yako, tuseme, ndiyo Ibra.
Nyoosha mkono. Geuka kushotoni, polepole,
usimkanyage mwenzio.

Kimya. Viatu tu vikisugua sakafu.
Halafu mtu: "Ee! Hilali!"
Na mwingine: "Yangu nusu!"
Na Mundhir, anayenibishia tangu Jumapili
kwamba kivuli cha dunia ndicho kinachoula mwezi,
akafika mgongo kwa taa.
"Mwalimu, yangu imezimika."
Huko ndiko kupatwa. Inua kidogo, ipite kivuli cha kichwa chako.
Ikajaa.
Hakusema neno. Akaishusha, akaiinua,
akaishusha, akaiinua,
kama mtoto aliyegundua swichi katika nyumba mpya.

Na ile ya Haitham, ile iliyochekwa,
iliwaka kuliko nilivyotarajia.
Nikawaambia jambo ambalo kitabu kimeliruka:
mwezi wenyewe ni jiwe la kiza,
weupe wake wote ni wa kuazima.
Haitham akaitia ndimu mfukoni, hakuirudisha jikoni.

Thuraya akauliza kama nyota za jina lake zimo sandukuni.
Hazimo. Nikachukua mwavuli wangu mweusi,
nikautoboa kwa sindano, matundu saba yaliyosongamana.
Bibi yangu, mzaliwa wa Wete, aliziita Kilimia.
"Kilimia," akarudia, akilionja jina.

Saa tatu usiku simu ikalia.
Sauti yake, na upepo wa darini:
"Mwalimu, nimeziona. Lakini ni sita.
Mwavuli wako una tundu moja la uongo."

Nikapanda juu na miwani yangu.
Nikahesabu tano.
Nikaipangusa miwani, nikahesabu tena.
Kesho nitampa utepe na mwavuli,
achague mwenyewe tundu la kuziba.