Msokoto wa Kushoto

Kavumu, saa kumi na mbili unusu, ukungu haujabanduka njiani.
Zihalirwa anazima injini, anashusha vioo, ananiita:
"Nabintu, mshale umeamkia pombe.
Elfu mbili na mia mbili, mara elfu moja na mia nane,
mara unaruka hadi kwenye wekundu,
na mkono wangu haujagusa kitu."

Washa tena, nikamwambia. Nikafumba macho.
Wanasema sikio halipiti kichwa;
asubuhi ile lilikipita.
Injini ilinguruma kwa sauti moja, kavu, iliyonyooka,
kama mtu anayesoma orodha ya majina
asiyemfahamu hata mmoja.

Nikachukua kipima cha mkononi, kile kinachohesabu panga kwa mwanga,
nikasimama ubavuni (mbele ya pangaboi mjinga husimama mara moja).
Elfu mbili na hamsini. Elfu mbili na hamsini.
Injini haina kesi.
Anayeongopa ni mpeleka habari.

"Basi twende," akasema, "naisikia mwenyewe."
Nyuma yake masanduku ya chanjo ya Lulingu,
barafu ikitoa jasho kwenye sakafu ya bati.
Nikamuuliza: ukizima magineto ya kushoto
utake kujua mizunguko imeshuka mingapi,
utaisoma wapi? Kwa mlevi huyu?
Akakaa kimya, akatafuta sigara ambayo haruhusiwi kuvuta.

Nikalala chali chini ya dashibodi,
miguu nje, Cirhuza akinimulikia tochi, mara usoni, mara kazini.
Nikafungua nati nyuma ya saa, nikavuta kamba ya chuma
iliyozoea kuzunguka gizani ndani ya ala yake.
Ikatoka ikilia.
Grisi yake ya zamani imekuwa ugoro.

Vidole vikafuata ala hadi kwenye ukuta wa moto,
na pale, pale pale,
imepindwa kama goti la mbuzi, kibano kimekazwa kupita kiasi.
Nikaelewa yote kwa mkupuo:
kamba inafika kwenye kona, inakwama,
inajinyonga, inakusanya hasira,
kisha inaiachia yote kwa pamoja.
Huo ndio mruko. Hakuna uchawi.

"Nani alifunga hivi?" Cirhuza akauliza.

Nikatazama waya wa kufungia.
Msokoto umeelekea kushoto.
Kavumu nzima, fundi wa mkono wa kushoto ni mmoja.

Ilikuwa Machi, mvua ya siku tatu.
Simu kutoka Kadutu: udongo umeshuka, umemeza jiko la mama,
mama mwenyewe yuko kwa jirani, anaulizia sufuria yake.
Nilikuwa na koleo mkononi. Nikakaza, nikakata, nikakimbia.

Ningeweza kusema: mafundi wa Bunia.
Ndege hii imepita Bunia, nani angebisha?
Ulimi ulikwisha kushika herufi ya kwanza.

"Mimi," nikasema.

Tochi ikatikisika kidogo.
Kijana akaielekeza tena kwenye kibano, akaniacha uso wangu gizani,
na hilo nitalikumbuka kwake hata akinikosea kesho.

Tukalegeza. Tukaipa ala njia pana, bila kona.
Kamba nikaiosha kwa petroli, nikaikagua uzi kwa uzi, nikaipaka grisi kiasi cha ukucha;
ukizidisha itapanda hadi kwenye saa, imbandike mshale,
nawe utasifu utulivu wa maiti.

Elfu mbili na hamsini, ndani na nje.
Magineto ya kushoto: imeshuka sitini. Ya kulia: sabini.
Nikaandika kwenye daftari tarehe, kosa, dawa,
na mahali pa jina la aliyelisababisha, ambapo fomu haina mstari,
nikaandika pembeni, kwa mkono uleule.

Barafu ilikuwa imebaki nusu.
Akaruka saa mbili na robo, akakata kushoto, akaacha ziwa mgongoni,
mawingu yakamfunika kabla sauti haijaisha.

Nikanywa chai bila kunawa.
Ilikuwa na ladha ya injini.
Sikio langu lilikuwa bado juu.