Chaguo la Kwanza

Elifuraha wa steshenari, nyuma ya stendi ya Moshi,
hanitazami mimi, anatazama skrini.
"Chaguo la kwanza?" anauliza,
kama muuza chipsi anavyouliza kavu au zege.

Nasema subiri.
Nyuma yangu vijana saba na bahasha zao za kaki,
na mvua iliyotoka Kibosho imeshafika kwenye bati.

Nataka kazi ya benki, lakini si ya dirishani,
si ya kuhesabu noti kwa kidole kilicholowa sponji.
Ile nyingine: kukaa mezani na kampuni inayotafuta mtaji,
kuipima thamani kabla soko halijaipima,
kuziuza hisa zake, kuziandaa hati fungani,
kulala saa tisa usiku kwa sababu ya desimali moja.

Nyumbani nililisema mara moja tu.
Baba mdogo Kilasara akasema: Sheria.
"Mikataba ndiyo hela, mengine kelele."
Mwalimu Urassa akasema: Takwimu,
akafuta ubao kana kwamba jibu lilishaandikwa.
Binamu wa Dar akasema soma chochote, mradi ujue watu.
Jirani akasema Ualimu.
Jirani husema Ualimu hata ukimwomba chumvi.

Mimi nilishaamua: Fedha.
Jina lenyewe linang'aa. Mtu akisoma Fedha
nani atamuuliza itamsaidia nini?

Jana usiku mama akanipa daftari la kikundi nimjumlishie.
Jumatano thelathini, wanawake ishirini na wawili wa Kiboriloni,
hisa moja elfu tano,
sanduku moja, kufuli tatu,
funguo kwa watu watatu wasiopikiana chai.
Nikajumlisha. Nikarudia kwa kalamu nyekundu.
Jumatano ya tisa ziliuzwa hisa thelathini na moja.
Cherehani ya Aikande ilihitaji arobaini.
Na mkopo ulitoka.
Tisa zilitoka wapi?

Pembeni, kwa mwandiko mdogo, jina la mama:
tisa.
Jumatano ya kumi na moja: sita.
Ya kumi na tatu: kumi na mbili,
na hiyo wiki naikumbuka, tulikunywa chai ya rangi mpaka Jumapili
na mama alisema maziwa yanampa kiungulia.

Nikamuuliza. Alikuwa anamenya ndizi za mtori,
vidole vyeusi kwa utomvu.
"Hisa zisiponunuliwa," akasema, "hununua aliyeahidi.
Si niliwaambia zitatosha?"
Kisha: "Lete sufuria."

Sikulala.
Kazi hiyo ina jina kubwa vitabuni, ina ofisi ghorofani,
ina asilimia yake.
Mama hakujikatia asilimia, nilikagua kila ukurasa.
Wala hakukosea hata mara moja:
Aikande alimaliza kulipa wiki mbili kabla ya siku.
Alijuaje? Hilo daftari halikuandika.
Alihesabu mvua, ada za Januari, misiba?
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
lakini nani ajuaye mapema
kibaba kitapungua kwa kiasi gani?

"Dada, mtandao hausubiri."
Umeme unacheza. Skrini inafumba jicho, inafumbua.

"Andika Takwimu."
"Si ulisema Fedha?"
"Iweke ya pili. Hiyo nimeshaianza nyumbani.
Na Sheria ya tatu, baba mdogo asinune."

Anabonyeza. Mashine inakohoa karatasi moja, imepinda.
Elfu mbili ya huduma, mia tano ya kuchapa.
Natoa elfu tano. Hana chenji.
Anaandika deni lake kwenye kipande cha boksi,
anakichomeka chini ya stepla.
"Njoo kesho asubuhi uchukue."

Nampima: mvua hii, umeme huu,
na foleni imebaki watu wanne.
Nakisia keshokutwa, jioni.