Mfuko wa Nyaya

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Likoma, juu ya duka la vitenge.
Lifti ilikufa kabla sijapanga hapa.
Wateja hufika wakihema, kompyuta begani
kama wamebeba mgonjwa.

Mbwambo alikuja mwezi wa pili, shati limemganda mgongoni.
Anahariri video za harusi, Sinza.
"Fundi Mwanahawa, inazima yenyewe.
Na ikizima, bibi harusi anakatika
katikati ya keki."

Nikafungua ubavu.
Vumbi kwanza. Vumbi la Kariakoo halibishi hodi.
Kisha nyaya:
za diski ambazo hakuwa nazo,
za kadi ambayo hakuwahi kununua,
zimekunjwa, zikashindiliwa mbele ya feni
kama ndugu waliokuja ukumbini bila kutoa mchango
na sasa wamekaa meza ya mbele.
Huwezi kuwatoa. Walishonewa humo humo kiwandani.
Feni inavuta, haipati.
Inavuta, haipati.
"Gusa hapa," nikamwambia.
Akagusa, akaurudisha mkono upesi.

Nikamtolea pawa saplai nyingine, bado na nailoni yake.
Ubavuni ina matundu matupu,
ufizi wa mtoto unaosubiri meno.
"Nyaya zake ziko wapi?"
"Mfukoni. Tunachomeka zinazohitajika tu."
"Bei?"
Nikaitaja. Akacheka kicheko cha kuumia.
"Yaani niongeze elfu sabini
ili nipewe nyaya chache?"

Sikumjibu. Nilichomeka wa bodi kuu,
wa prosesa,
wa diski.
Basi.
Ndani ya kasha ukaonekana ukuta wa nyuma,
kama sebule kesho yake baada ya matanga,
viti vya kukodi vimesharudishwa
na mtu anajiuliza kumbe chumba kilikuwa kikubwa hivi.

Sitakudanganya, Mbwambo: umeme ni ule ule.
Ukikatika Sinza, utakatika na kwako.
Ila sasa upepo unapita,
na mkono wangu unapita,
na waya mmoja ukiungua tutaagiza waya mmoja.

Nyaya zilizobaki nikazirudisha mfukoni,
nikaandika kwa kalamu nzito: MBWAMBO,
na jina la kampuni, na namba ya toleo,
nikabana pini mbili.
"Unahangaika nini, fundi? Waya si waya tu?"

Hapo nikavuta stuli, nikakaa.

Mwaka wangu wa kwanza wa ufundi
nilichukua waya wa kampuni hii
nikauchomeka kwenye kasha la kampuni ile.
Uliingia vizuri. Ukalia tak.
Mdomo ule ule, damu nyingine.
Diski ikatoa moshi mwembamba, kama wa udi,
na mimi, mjinga, nikanusa kwanza.
Humo mlikuwa na sauti ya Mzee Shomvi
akitaja ukoo wake, jina baada ya jina,
saa nne na nusu, akikohoa, akinywa maji, akiendelea.
Mzee alikuwa ameshazikwa.
Mjukuu wake hakunigombeza.
Alisema ahsante kwa kujaribu,
akazishuka ngazi hizi hizi polepole,
na mpaka leo sijui aliwaambia nini nyumbani.

Mbwambo akanyamaza.
Akatoa ile elfu sabini, noti za kumi kumi, zimelowa jasho.

Imepita miaka miwili.
Leo amerudi, amenenepa, anahema vile vile,
mkononi kadi ya picha ndani ya boksi linalong'aa.
"Bado unao ule mfuko?"
Nikavuta droo. Majina yamelala kifudifudi:
Mlacha, Kessy, Bi Salha wa stesheneri,
mmoja uliofutika na unyevu.
Wa kwake upo, pini zimeshika kutu.
Nikachomoa waya aliouona ghali siku ile,
nikauchomeka. Tak.

Feni ikazunguka bila kelele.
Tukamsubiri bibi harusi wa Jumamosi iliyopita
akate keki mpaka mwisho.