Mshiriki Namba Kumi na Nne

Kitaya, Jumamosi, darasa la tatu.
Madawati tumeyasukuma ukutani,
watoto wa kutoka ng'ambo ya Ruvuma wako sakafuni,
kila mmoja na kalamu zake tano za rangi.
Mimi mkalimani wa kutwa: elfu thelathini, na chai.
Kazi yangu kuigeuza "chora kilichokuuma"
iwe Kimakonde kisichouma.

Fomu ya ridhaa nilimsomea bibi yake asubuhi.
"Una haki ya kukataa," nikasema, "hupotezi kitu."
Bibi akayatazama makreti ya soda mlangoni,
akawatazama wajukuu watatu,
akanipa kidole gumba.

Yeye akachora nyumba.
Paa lote jekundu.
Mtafiti akainama, sauti ya pamba:
"Muulize, hii ni damu?"
na kalamu yake ilikwisha kutangulia jibu.
Nikamuuliza.
Akaniangalia kama mtu asiyewahi kuingia jikoni.
"Pilipili. Mama kaanika."

Nikatafsiri neno kwa neno.
Mtafiti akatikisa kichwa, kwa huruma,
akaandika: *anakwepa*.

Jioni michoro ikaingia bahashani.
Wake hakuuachia.
"Mkimaliza kuutazama mtanirudishia?
Na mbona jina langu hamkuandika?"
Nikaeleza nilivyofundishwa:
tunalificha ili usidhurike,
humu ndani wewe ni kumi na nne.
"Kumi na nne nani?"

Sikuwa na Kimakonde cha kujibia.
Gari lilipokuwa likigeuza, nikauchomoa,
nikampa.
Ripoti itasema watoto ishirini, michoro kumi na tisa;
wa ishirini watausingizia upepo.
Sijioni shujaa. Posho nilipokea.

Jumatatu nikamkuta njia panda na sinia la karanga,
zimefungwa kwenye karatasi za daftari zilizokunjwa pembe.
Pembe moja ilikuwa nyekundu.
Akaona nimeona. "Si ulisema ni wangu?"
Mia mbili mfukoni ikaniwasha:
ningeununua, ningeuhifadhi, ningeupeleka mahali.
Mkono nikauacha palepale.

Akaja kijana wa bodaboda, akachagua ile.
Akamimina karanga kinywani,
akaikunjua karatasi kutafuta ya mwisho,
akabaki anaitazama, injini inanguruma.
"Pilipili hizi nani kachora?"

Akalitaja jina lake, lote, mpaka la babu,
kwa sauti ya kuuza.
Mimi hapa silitaji.
Sijaulizwa, na sijamwomba.