Ritifaa

Laki nne na nusu, fundo kwenye pindo la kanga,
noti zinanuka dagaa. Muuzaji hakukunja pua;
Mwanza fedha nyingi hunuka hivyo.
Duka lake liko Makoroboi, limebanwa
kati ya mashine ya kudurufu na mama wa zipu.
Akaziweka mbili kauntani, ubavu kwa ubavu,
kama pacha walionuniana:
moja ya kijivu, nyembamba, ungeipitisha chini ya mlango;
moja nyeusi, pembe imechubuka,
mgongoni stika ya shule fulani ya ng'ambo, nusu imebanduliwa.

"Zote nyepesi," akasema Masunga. "Zote mtumba safi.
Ya kijivu inawaka hujamaliza kupiga chafya."
Kweli. Nilihesabu: sekunde tisa.
Nyeusi ilichukua muda wa kumenya chungwa.

Mimi si wa kuambiwa nyepesi nikaitika.
Mwaka wa sita huu ni mhazini wa Anika Mapema,
wanawake thelathini na mmoja, Kayenze;
nawajua mizani, na wanaoishika.
Nikaiomba. Masunga akacheka, akaona sicheki,
akamtuma kijana kuazima kwa muuza karanga.
Kijivu: kilo moja na gramu mia.
Nyeusi: kilo moja na robo, na kidogo.
Tofauti yake viganja viwili vya dagaa wakavu,
viganja vya mtu asiye mchoyo.

Betri: kijivu saa sita, ukipunguza mwanga.
Nyeusi tatu na nusu, ukiomba Mungu.
Nikazitoa nje juani, maana kwetu kazi ni chanjani, si ofisini.
Kioo cha kijivu kikanionyesha uso wangu
na unga wa muhogo kwenye nyusi, toka asubuhi,
hakuna aliyeniambia.
Kioo cha nyeusi kimefifia kama uji wa jana,
lakini tarakimu zilisomeka.

Moyoni kijivu ilishashinda.
Kidole kilikuwa kwenye fundo.

"Andika chochote," akasema.
Wengi, nadhani, huandika majina yao.
Mimi nikaandika mahudhurio, kama yalivyo daftarini:
Kabula. Nyanzobe. Ng
nikabonyeza, kioo kikanyamaza.
Nikabonyeza kwa kucha. Nikabonyeza kwa hasira.
Ngwashi.
Jina limesimama pale kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja sokoni.

"Ah, kitufe kimoja tu," Masunga akasema.
"Nani anakitumia hicho?"

Nani?
Ng'washi anakitumia, aliyetoa elfu tano ya kwanza
kabla hatujawa hata na daftari la kuiandika.
Ng'walu anakitumia, na bintiye.
Ng'ombe wa Nyanzobe wanakitumia, wale wanne, dhamana ya mkopo wetu;
wangeingia kwenye barua ya benki wakiwa ngombe,
mnyama ambaye hakuna bwana mikopo aliyepata kumwona.
Na bibi yangu, aliyeuita mji huu Ng'wanza mpaka anazikwa,
ningemwandikaje akisema?

"Nakushushia elfu thelathini," akasema.
Ndipo nikajua bei yake,
kile kidoa kidogo kinachoning'inia hewani
kama inzi aliyesahau kutua:
elfu thelathini, kwa wasiokihitaji.

Nikachukua nyeusi. Kwa bei yake yote.

Sitasema uongo. Toka stendi mpaka nyumbani
nilivisikia vile viganja viwili begani, kila hatua.
Nikafika, umeme hakuna.
Nikaiwasha, nikangoja, chungwa likamenywa likaliwa,
nikaanza upya orodha, polepole, kidole kimoja:
Kabula. Nyanzobe.
Ng'washi.
Nikaiangalia hiyo ya tatu muda mrefu kuliko ilivyostahili
kwa mtu mwenye betri ya namna ile.

Ilizimika jina la ishirini na saba.
Wanne waliobaki
niliwaandika kwa kalamu.