Bitana

Koti la Bwana Mihayo linaning'inia hapa dukani
tangu mwaka wa mvua nyingi, mwaka reli ilipokatika.
Aliacha rehani: injini ndogo, ukubwa wa limau,
ndani ya soksi, na kichupa cha mafuta ya nyonyo.
"Nitarudi Jumamosi," alisema.
Jumamosi zimepita. Sikuzihesabu, nilizishona.

Mimi ni fundi cherehani, Isevya, mlango wa bluu.
Najua bega, najua kwapa,
najua kitambaa kinavyodanganya kikiwa mezani
na kinavyosema kweli kikivaliwa.
Ndege sikuijua.
Lakini injini ndani ya soksi haikai kimya:
kila nikifungua droo kutafuta kifungo
inaninukia.

Basi nilikata mlingoti wa mkonge uliokwisha kutoa maua,
mwepesi kama neno la Jumamosi,
nikauchana, nikaukausha darini wiki tatu.
Mbavu nilizichora kwa chaki ya fundi,
kumi na mbili za juu, kumi na mbili za chini:
mabawa mawili, moja juu ya jingine,
doti kamili.

Shija, mwanagenzi wangu, akauliza
mbona manene hivi, mbona mapana hivi.
Nikamwambia hii si ya mbio.
Hii nataka niione ikifikiri.

Kitambaa sikununua.
Nilifumua bitana ya koti, hariri ya samawati,
mshono kwa mshono, kwa wembe, kwa aibu kidogo,
nikazivika mbavu, nikapaka vanishi mara nne
mpaka ikalia kama ngoma ukiigusa kwa ukucha.

Nyuma ya ghala la tumbaku, mwezi wa saba,
nyasi zimechomwa, ardhi ni majivu.
Nyaya mbili, zile za fremu za mizinga,
hatua ishirini kutoka ngumi yangu hadi bawa.
Injini iliniuma kidole mara mbili; nikavaa subana,
ikakubali.
Shija ameshika mkia. Nikatikisa kichwa. Akaachia.

Hakuna aliyeniambia nitazunguka.
Kwamba rubani wa ndege hii hasafiri,
anageukia kisigino tu,
na ghala linapita, mnara wa simu unapita,
Shija anapita, mbuzi wa Mama Kalunde anapita,
ghala tena.

Ndege ya kasi ingejivuta yenyewe.
Hii ya polepole haikuvuti.
Ikifika utosini inasita, nyaya zinalegea,
na hapo usiparamie: rudi nyuma,
hatua, hatua,
kama mtu anayepima kitambaa asichotaka kukikata,
mpaka mkono uhisi tena
kuna mtu upande wa pili.

Kitanzi cha kwanza kilikuwa yai.
Cha pili, sufuria iliyobonyea.
Cha tano ningekishonea kola.
Kisha chali, magurudumu juu,
na huko kila amri hugeuka:
ukitaka ipande, unaiambia ishuke.
Watu huangusha ndege hapo, nadhani.
Vidole vyangu, miaka ishirini na mbili
wakishona nguo kwa ndani ili ipendeze nje,
havikuuliza swali.

Mafuta yakaisha katikati ya nane ya kulala.
Kimya.
Ikateremka bila haraka, ikagusa majivu,
ikaacha mishono miwili ya udongo mwekundu.

Mimi nilisimama. Tabora haikusimama.
Ghala, mnara, mbuzi, ghala.
Nikaketi chini, kishikio mkononi,
nikauliza: "Shija, imetua?"
"Imetua, fundi. Bado wewe."

Akija Bwana Mihayo, koti lake lipo,
limepigwa pasi, vifungo vyote vitatu.
Litamkwaruza kidogo kwa ndani.